Panda kwa Nguvu, Shuka kwa Akili: Baiskeli Katika Milima ya Usambara na Pwani ya Tanga

Baiskeli ni rafiki wa mwananchi. Haili majani, wala hainywi mafuta. Inabeba ndizi kwenda sokoni. Inabeba madumu ya maji. Inampeleka mtoto shuleni na mama kliniki. Tena inampa mwendeshaji afya njema. Moyo unapata nguvu, mapafu yanapanuka, na mwili haunenepi ovyo.

Lakini baiskeli ina tabia mbili. Kwenye kilima inakuchosha. Kwenye mteremko inakupumzisha. Je, ni wapi watu wengi huumia? Si pale wanapochoka. Huumia pale wanapopumzika. Kwa hiyo leo katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya njia za vilima, za misitu na za pwani. Tujifunze namna ya kupita bila kuvunjika, na la kufanya mtu akianguka.

NJIA ZA MKOA WA TANGA

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Tanga, kwa sababu una milima na pwani pamoja. Ukiwa Mombo uko bondeni, kwenye joto. Barabara ya Lushoto inapanda kupitia Soni, kona baada ya kona. Safari hiyo ni ya kilomita thelathini na kidogo tu, lakini unapofika Lushoto umepanda karibu mita 1,000. Juu ya Lushoto kuna msitu wa Magamba. Ndani yake kuna vijia vyembamba vyenye mizizi, mawe na majani yaliyolowa.

Upande wa mashariki kuna Usambara ya Amani. Kutoka Muheza njia inapanda kwa kufuata bonde la mto Sigi, inaingia msituni, kisha inatokea kwenye mashamba ya chai. Amani ni mahali maarufu. Wajerumani walianzisha bustani ya miti na mimea huko mwaka 1902. Miongoni mwa miti iliyopandwa ni mti wa kwinini, ambao magome yake yalitoa dawa ya malaria. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kutoka Muheza ukielekea baharini, unafika Pangani. Huko hakuna milima mirefu. Kuna minazi, mkonge, mchanga na jua kali.

Njia hizi hutumiwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni sisi wenyeji, wenye baiskeli za kawaida na mizigo yetu. Wa pili ni wageni wanaokuja kutembea, pamoja na vijana wetu wanaowaongoza. Hao hupenda baiskeli za milimani. Baiskeli hizo zina tairi pana zenye meno, gia nyingi, na nyingine zina springi kwenye uma wa mbele. Baiskeli ni tofauti, lakini mteremko ni ule ule. Mteremko haumjui mgeni wala mwenyeji.

FUNZO KUTOKA MBALI

Baiskeli ya milimani ilianzaje? Katika miaka ya 1970, huko Marekani, jimbo la California, vijana wa eneo la Marin walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli. Marin nayo ina vilima vya misitu vilivyo karibu na bahari. Vijana hao hawakuwa na baiskeli maalumu. Walichukua baiskeli nzito za zamani, zenye tairi nene, wakazitengeneza wenyewe.

Mwaka 1976 walianza kushindana kwenye mteremko mmoja mkali. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 3, na ulishuka karibu mita 400. Mteremko huo waliuita Repack, yaani kujaza upya. Kwa nini waliupa jina hilo? Kwa sababu breki za baiskeli zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Walipokuwa wakishuka, breki zilipata moto mpaka grisi ikaungua na kutoa moshi. Walipofika chini iliwabidi kufungua gurudumu na kujaza grisi upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda baiskeli mpya iliyokusudiwa kwa kazi hiyo ya milimani.

Ndugu msomaji, tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba kwenye mteremko mrefu breki hupata moto na kuchoka. Ikiwa breki za vijana wale zilitoa moshi katika kilomita 3, je, breki zako zitakuwaje kutoka Lushoto hadi Mombo, ukiwa na gunia la viazi nyuma?

KWA NINI MTEREMKO NI HATARI

Sababu ya kwanza ni mwendo. Watu wengi hudhani kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, hatari nayo inaongezeka mara mbili. Sivyo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Kama ukienda polepole unasimama kwa hatua mbili, ukienda mara mbili ya hapo utahitaji hatua nane. Na huo ni uwanda mkavu. Kwenye mteremko utahitaji zaidi.

Sababu ya pili ni maji. Mvua ikinyesha, au ukungu ukilowesha chuma cha gurudumu, mipira ya breki huteleza. Unabana, baiskeli inaendelea kwenda.

Sababu ya tatu ni mzigo. Mzigo mzito nyuma hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi. Usukani unayumba, na breki zinashindwa.

KAGUA KABLA YA KUONDOKA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa breki ni kitu kidogo. Mguu uliovunjika ni kitu kikubwa. Kagua mambo haya:

1. Breki. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Mipira ikiwa imelika, badilisha.

2. Magurudumu. Tikisa kila gurudumu. Lisicheze. Kaza nati zake.

3. Tairi. Litazame pande zote. Likiwa na tundu au uvimbe, usishuke nalo mlima.

4. Ncha za usukani. Hili wengi hawalijui. Usukani ni bomba. Ncha yake ikiwa tupu, ukiiangukia inakata nyama kama kisu cha duara. Ziba ncha zote mbili kwa mpira au kipande cha mti kilichochongwa vizuri.

5. Kichwa chako. Vaa kofia ngumu ya baiskeli, ukaze kamba yake kidevuni. Kofia hiyo hupunguza sana majeraha ya kichwa. Kofia iliyopasuka haifai tena. Kijana anayeongoza wageni asikubali kumvalisha mgeni kofia, naye mwenyewe aende kichwa wazi. Ubongo wake si wa bei rahisi.

NAMNA YA KUSHUKA

Anza polepole tangu juu. Ukishaacha baiskeli ikimbie, ni vigumu kuirudisha. Tumia breki zote mbili. Bana kidogo, achia kidogo, bana tena. Usibane breki ya mbele kwa nguvu na kwa ghafla, maana gurudumu la mbele litasimama nawe utaruka juu ya usukani. Sogeza mwili nyuma kidogo. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Ukikuta mzizi uliolowa, uvuke kwa kunyooka. Ukiupita kwa ubavu, tairi litateleza. Kama magurudumu yamelowa, bana breki mapema, ili mipira ipanguse maji kwanza. Kwenye mteremko mrefu simama mara kwa mara, upumzike, na breki zipoe.

Pwani adui ni mchanga. Ukiingia kwenye mchanga mwingi usikate kona ghafla. Shuka, ukokote.

Na ukiona mteremko umekuzidi, shuka kwenye baiskeli utembee. Kutembea si aibu. Mwenye gunia la mkaa, mbao au mkungu wa ndizi asipande kabisa baiskeli kwenye mteremko mkali. Aishike usukani, abane breki, ashuke nayo kwa miguu.

MTOTO NYUMA YA BAISKELI

Sasa nawaomba kina baba na kina mama wasikilize vizuri. Mtoto akikaa nyuma ya baiskeli, miguu yake inaning'inia karibu na gurudumu. Njia ya milimani inarusha. Mtoto anachoka, anasinzia, na mguu unaingia kwenye spoki. Gurudumu linauvuta na kuubana kwenye chuma. Ngozi ya kisigino inachunwa, na mara nyingine mfupa unavunjika.

Kidonda cha namna hii hudanganya. Siku ya kwanza kinaonekana ni mchubuko tu. Baada ya siku chache ngozi iliyobanwa inakufa, inakuwa nyeusi, na kidonda kinakuwa kikubwa. Kwa hiyo mguu wowote ulioingia kwenye spoki uoshwe na upelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mtoto ameacha kulia.

Kinga yake ni rahisi. Funga ubao mwembamba au wavu imara pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Mwekee mtoto mahali pa kukanyagia. Mvalishe viatu vilivyofunika kisigino. Mtoto mdogo anayesinzia abebwe mgongoni na mtu anayetembea kwa miguu.

MTU AKIANGUKA

Kwanza, tazama hatari. Ondoa baiskeli njiani. Halafu mwangalie mgonjwa kwa mpango huu.

Damu. Damu ikitoka nyingi, chukua kitambaa safi, kandamiza kidonda kwa nguvu. Usiachie kila mara ili kutazama. Endelea kukandamiza mpaka damu isimame.

Kidonda. Osha kwa maji mengi safi na sabuni. Toa mchanga na majani. Usipake mavi ya ng'ombe. Usipake majivu wala udongo. Katika udongo na kinyesi cha wanyama wamo vijidudu vya pepopunda. Vikiingia kwenye kidonda, ugonjwa hutokea baada ya siku chache hadi wiki tatu. Taya hukaza, mgonjwa hawezi kufungua kinywa, na mwili hupinda kwa maumivu. Ugonjwa huu unaua. Lakini una chanjo. Aliyeumia aende zahanati aulizwe kama alichanjwa, na apewe sindano inayomfaa.

Mifupa. Mtu akianguka hutanguliza mkono. Ndiyo maana mtulinga na kifundo cha mkono huvunjika mara nyingi. Usivute wala usinyooshe kwa nguvu. Tundika mkono shingoni kwa kanga. Mguu ukivunjika, ufunge pamoja na vijiti viwili vilivyonyooka, uweke nguo laini katikati. Kama mgonjwa analalamika shingo au mgongo, au hawezi kusogeza miguu, usimwinue kwa mikono na miguu kama gunia. Watu kadhaa wamnyanyue pamoja, mwili ukiwa umenyooka, wamweke kwenye machela au ubao.

Kichwa. Mtu aliyegonga kichwa anaweza kuzungumza vizuri, halafu baada ya saa kadhaa akazidiwa, kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu. Msimwache peke yake siku hiyo na usiku wake. Dalili za hatari ni hizi: kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma zaidi na zaidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, damu au maji kutoka masikioni au puani. Ukiona hata moja, hospitali mara moja. Asiyekuwa na fahamu alazwe kwa ubavu kwa uangalifu, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, ili matapishi yasimzibe pumzi. Usimpe maji wala chakula.

TUMBO: JERAHA LINALOJIFICHA

Nimeliacha tumbo mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalosahauliwa.

Kijana mmoja aliazima baiskeli ya jirani, akashuka nayo mlimani. Breki zikamshinda kwenye kona. Akaanguka, na ncha ya usukani ikamchoma chini ya mbavu za kushoto. Hakutoka damu hata tone. Alipoinuka alianza kukagua baiskeli kabla ya kujikagua mwenyewe, maana aliogopa mwenye mali. Akaona ni nzima, akashukuru, akairudisha. Kwa watu wa nyumbani hakusema kitu. Jioni tumbo likaanza kuuma. Usiku bega la kushoto nalo likauma, ingawa halikuguswa. Mdomo ukapauka, jasho la baridi likamtoka, na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Ndipo alipomwambia mama yake.

Majirani hawakungoja kuche. Walitengeneza machela, wakapokezana kumshusha mpaka barabarani, wakapata gari. Hospitali walimpasua, wakakuta wengu umechanika na damu imejaa tumboni. Leo kijana huyo yuko hai na analima. Angenyamaza mpaka asubuhi, pengine tungekuwa tumemzika.

Ndugu msomaji, wengu uko kushoto chini ya mbavu, na ini liko kulia. Viungo hivi vina damu nyingi. Vikipigwa na usukani vinaweza kuchanika bila alama yoyote kwenye ngozi. Matumbo nayo yanaweza kutoboka. Kwa hiyo mtu aliyepigwa tumboni na usukani, akiwa na maumivu yasiyoisha, tumbo gumu, kupauka, kizunguzungu, kutapika au mkojo wenye damu, apelekwe mahali penye upasuaji. Asipewe chakula, asipewe kinywaji, asipewe dawa ya mitishamba, na tumbo lisikandwe. Na asibebwe nyuma ya baiskeli.

Na wewe mwenye baiskeli, mtu uliyemwazima akirudi ameanguka, muulize kwanza hali yake, kisha uulize baiskeli. Baiskeli ina fundi sokoni. Mtu hana vipuri dukani.

JOTO LA BONDENI NA MALARIA

Mtu wa Lushoto amezoea baridi. Akishuka Mombo, Muheza au Pangani anakutana na joto. Akikanyaga pedali juani bila maji, mwili unaishiwa maji na chumvi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, na mkojo mchache wenye rangi ya chai. Mpumzishe kivulini, mloweshe maji, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, na maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kama yapo. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hilo ni jambo la hospitali. Kinga ni kusafiri asubuhi mapema, kuvaa kofia, na kubeba maji safi yaliyochemshwa.

Jambo lingine ni malaria. Milimani juu, kwenye baridi, mbu wa malaria ni wachache kuliko bondeni. Kwa hiyo mwili wa mtu wa milimani haujazoea kupambana na ugonjwa huo. Akishuka bondeni akaumwa na mbu, malaria inaweza kumshika vibaya. Ukilala bondeni, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Ukirudi nyumbani na kupata homa, hata baada ya wiki kadhaa, nenda upimwe damu ndani ya siku moja, na umweleze mganga kwamba ulikuwa bondeni.

TUNZA NJIA, TUNZA MSITU

Msitu wa Amani ni chanzo cha maji. Mto Sigi unatoka katika milima hiyo, na maji yake ndiyo yanayokingwa katika bwawa la Mabayani kwa ajili ya wakazi wa Tanga mjini. Baiskeli inayoacha njia na kukata kona huchimba mfereji. Mvua inaingia kwenye mfereji huo na kubeba udongo mpaka mtoni. Pita kwenye njia iliyoruhusiwa. Usijisaidie karibu na kijito. Ukikutana na mtu anayetembea kwa miguu, hasa mama mwenye kuni kichwani, punguza mwendo, piga kengele, umpishe. Yeye hana breki.

KUENDESHA NI AFYA

Nimesema mengi ya hatari, lakini sikukatazi baiskeli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ashughulishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, kwa mwendo wa wastani. Hizo ni kama nusu saa kwa siku tano. Mwenye kupanda baiskeli kwenda shambani au sokoni kila siku amekwisha kutimiza. Mazoezi hayo husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo leo yapo hata vijijini. Basi endesha, lakini endesha ukiwa na akili.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala hii katika kikundi, kisha mjibu:

1. Katika kijiji chenu ni mteremko gani umeangusha watu wengi? Mnaweza kufanya nini ili njia hiyo ipunguze hatari?

2. Baiskeli ngapi kijijini zina ncha za usukani zilizo wazi? Nani anaweza kuchonga vizibo?

3. Machela ya kijiji iko wapi? Nani ana ufunguo wake usiku?

4. Kwa nini mtu aliyepigwa tumboni asipewe chakula?

5. Ni akina nani kijijini wamepata chanjo ya pepopunda, na nani bado?

Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga pedali, shika breki ya mbele usukume baiskeli. Kama gurudumu linazunguka, nenda kwa fundi kwanza. Sokoni utafika baadaye.